Kutoka Busia hadi Mbarara na Gari la Rimoti

Jumanne, Busia

Shule zimefungwa, mpwa wangu wa kidato cha tatu yuko nyumbani, nami nimepata ruhusa katika ofisi ya uwakala wa forodha ninakofanya kazi hapa mpakani. Kesho tunaanza safari ya kwenda Mbarara, ambako mwishoni mwa wiki hii wapenzi wa magari madogo ya rimoti watakutana katika shamba la mfugaji mmoja nje ya mji ili kushindana kirafiki. Hakuna kombe wala fedha za zawadi. Kila anayekuja huchangia chakula na mafuta ya jenereta, na anayeshinda hurudi kwao na jina.

Gari letu ni bagi, yaani gari la kukimbilia nje ya lami, la uwiano wa moja kwa nane, la umeme, linalosukumwa na magurudumu yote manne. Likiwa na betri lina uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Anayeliona kwa mara ya kwanza hulichukua kuwa kitu cha kuchezea watoto, nami simlaumu, ila nikimfungulia na kumwonyesha difu zake tatu, zile gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu, ya mbele, ya kati na ya nyuma, kila moja ikiwa imejazwa mafuta ya silikoni ya uzito wake, huanza kuuliza maswali ya fundi. Rimoti yake ina umbo la bastola: kichochezi cha kidole cha shahada ndicho mafuta na breki, na gurudumu dogo la sponji lililo pembeni ndilo usukani. Mpwa wangu ndiye dereva. Vidole vyangu vimekwisha kuwa vizito kwa kazi hiyo, kwa hiyo mimi ni fundi, mbeba mizigo na mlipaji.

Jioni tumeshughulikia betri. Kila betri ina seli nne za lithiamu polima zilizofuatana, kila seli ikihesabiwa volti 3.7, hivyo jumla ni volti 14.8, ikijaa, seli hufika volti 4.2, na ya kusafirishwa au ya kuwekwa kabatini tunaiacha kwenye volti 3.8. Tunazijazia ndani ya chungu kilichowekwa mchanga mkavu chini, uani, mbali na mapazia ya mama mwenye nyumba, kwa sababu betri ya namna hii ikijazwa kupita kiasi au ikitobolewa huvimba na kuwaka moto mgumu kuuzima. Kisha kila kitu kimeingia katika sanduku la bati la shule: gari limefungwa kwa blanketi, matairi yamo katika mifuko ya nailoni, na chupa ndogo za mafuta ya difu zimesimamishwa ndani ya kopo la maziwa.

Tungeweza kupanda basi moja na kufika Mbarara siku hiyo hiyo. Nimechagua kwenda kwa vituo kwa sababu ya udongo. Gari hili limekulia kwenye kichanga chetu cha Busia, na kila tulichowahi kulirekebisha tulikirekebisha kwa ajili ya kichanga hicho. Nataka dereva wangu ajue linavyojibu kwenye ardhi nyingine kabla hajasimama kwenye jukwaa mbele ya watu.

Jumatano, Busia hadi Jinja

Konda wa taksi alitaka sanduku lipande juu ya paa pamoja na kuku na mikungu ya ndizi. Nilimwambia kwamba lina vyombo vya umeme, akaniuliza kama ni redio, nikamjibu ndiyo, maana kwa kiasi fulani ni kweli. Nililipia kiti kizima kwa ajili ya sanduku, likakaa kati yetu kupitia Bugiri na Iganga kama abiria wa tatu.

Jinja tumefikia kwa shemeji yangu, Walukuba, mtaa ambao Kiswahili hakina haja ya kutafutiwa sababu. Alasiri tulikwenda kwenye kiwanja cha wazi ambacho vijana huchezea mpira. Ardhi yake ni nyekundu na imeshindiliwa na miguu ya miaka mingi hadi ikawa ngumu kama sakafu, na juu yake kuna utando mwembamba wa vumbi. Tulipanga kandambili na chupa za maji kuwa kona, na mpwa wangu akaanza kuzunguka.

Dakika za kwanza zilikuwa za aibu. Matairi yetu ya Busia yana vijipini vidogo vingi vya mpira laini, ambavyo kwenye kichanga huzama na kushika. Hapa havikuwa na mahali pa kuzama, vikapinda na kuteleza juu ya vumbi, na kila kona gari lilimaliza kwa kugeuza mkia mbele. Nilimwambia aendelee, asibadilishe chochote. Baada ya mizunguko kadhaa ikaanza kuonekana njia nyembamba iliyokoza rangi, pale ambapo matairi yalikuwa yamefagia vumbi na kuacha mpira wake juu ya ardhi tupu. Ndani ya njia hiyo gari lilishika vizuri ajabu. Nje yake, hata kwa upana wa kiganja, lilikuwa linaogelea. Mpwa wangu alilitambua hilo kabla sijamwambia. Alianza kupunguza mwendo mapema ili aingie kona akiwa tayari ndani ya mstari, badala ya kuingia kwa kasi na kujirekebisha baadaye kama alivyozoea kwenye kichanga kinachosamehe.

Tulipolisimamisha nilipima mota kwa kipimajoto cha kuelekeza, ikasoma nyuzi 88. Sipendi ivuke 80, kwa kuwa joto likizidi sumaku zilizo ndani huanza kupoteza nguvu, na nguvu hiyo hairudi. Ardhi inayoshika hudai umeme mwingi kuliko ardhi inayoteleza, jambo linalowashangaza wanaoanza, maana wao hudhani kwamba gari linalohangaika ndilo linalochoka. Usiku, chini ya taa ya sebule ya shemeji, niliondoa pinyoni, gia ndogo ya mota, ya meno 15 na kuweka ya meno 14. Kasi ya mwisho inapungua kidogo, lakini mota inapumua.

Alhamisi, Jinja hadi Kampala

Tulivuka Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, lile linaloning'inizwa kwa nyaya, tukapita msitu wa Mabira, na Namawojjolo mpwa wangu akanunuliwa kuku wa kijiti kupitia dirishani. Kampala tuliingia saa sita mchana, na saa nzima nyingine ikatumika kutoka Nakawa hadi katikati ya mji.

Mwenyeji wetu ni mzee wa Old Kampala ambaye amekuwa na magari haya tangu mimi sijaota ndevu. Mpwa wangu alimwamkia, na kabla hata ya chai mzee alishusha kutoka juu ya kabati gari ambalo nilikuwa nimeliona pichani tu: RC10 ya Team Associated, aina iliyotoka Marekani mwaka 1984, yenye kitako cha aluminiamu ya rangi ya dhahabu. Wapo waliotangulia, kwa mfano Tamiya wa Japani walioanza na Porsche 934 mwaka 1976, lakini RC10 ilichorwa tangu mwanzo kwa ajili ya kushindana kwenye udongo, na mwaka uliofuata dunia ikawa na mashindano yake ya kwanza ya ubingwa kwa magari ya umeme ya nje ya lami ya kipimo cha moja kwa kumi, huko Del Mar, California.

Kilichomvutia mpwa wangu zaidi ni kisanduku cha kristali. Zamani kila rimoti ilifanya kazi kwenye masafa yake maalumu, na kristali moja ndogo ndani yake ndiyo iliyoamua ni yapi. Watu wawili wakiwasha rimoti za masafa yaleyale, magari hupokea amri za mabwana wawili na kukimbilia ukutani. Kwa hiyo uwanjani palikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo vilivyoandikwa namba za masafa, na ambaye hakuwa na kibanio mkononi hakuruhusiwa kuwasha. Siku hizi rimoti za gigahezi 2.4 huoana na kipokezi chake na kujitafutia nafasi zenyewe. Mzee haamini kwamba hayo ni maendeleo matupu. "Kile kibanio," alisema, "kiliwafanya vijana wasalimiane."

Alasiri tulikwenda soko la Kisekka kutafuta beringi. Gurudumu la mbele kulia lilikuwa limeanza kulia, na sababu yake si siri: vumbi la moramu ni laini hivi kwamba hupita pembeni ya kifuniko cha beringi na kuchanganyika na grisi hadi kuwa msasa. Kisekka ni pa vipuri vya magari makubwa, na watu wawili walinicheka nilipoonyesha kitu kinachoingia katika ncha ya kidole. Wa tatu hakucheka. Alivaa miwani, akasoma namba 688 ubavuni, yaani tundu la milimita 8 na upana wa nje wa milimita 16, akazama nyuma ya duka na kurudi na nane zenye vifuniko vya mpira, ambazo yeye huwauzia mafundi wa mashine. Vifuniko vya mpira hulifanya gurudumu lizunguke kwa uzito zaidi kidogo kuliko vya bati, lakini kwa nchi yenye vumbi kama hili sioni kwa nini mtu anunue vya bati.

Ijumaa, Kampala hadi Mbarara

Siku ya basi. Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, abiria walishuka kupiga picha. Kati ya hapo na Lukaya barabara inakatiza kinamasi cha Lwera, ambako mafuriko ya Mei 2023 yaliharibu daraja la Katonga na kuikata njia hii ya magharibi. Leo tulipita bila hata kupunguza mwendo. Baada ya Lyantonde nchi ilikauka, migomba ikapungua, na ng'ombe wa Ankole wakaanza kuonekana mabondeni. Mpwa wangu alikuwa akitazama kando ya barabara, si ng'ombe, bali ardhi. "Mjomba, hapa vumbi ni zito kuliko la Jinja," alisema. Nilifurahi kusikia hivyo kuliko ambavyo ningefurahi kumsikia akizungumzia kushinda.

Jumamosi, Mbarara

Uwanja uko kwenye mteremko wa shamba, umbali mfupi kwa boda boda kutoka mjini. Wenyeji waliukwangua kwa trekta, wakaupiga maji na kuushindilia, kisha wakachora njia kwa mabomba ya zamani ya maji yaliyopigiliwa vigingi. Una mruko mmoja mkubwa wa kuruka vilima viwili kwa pamoja, mfululizo wa matuta madogo upande wa chini, na kona ndefu ya kushoto inayopanda. Jukwaa la madereva ni la miti ya mikaratusi, juu kiasi cha mtu mmoja, ili dereva auone uwanja wote.

Washiriki wengi wametoka Kampala na Mbarara yenyewe, wawili wametoka Arua, na kuna mzee mmoja kutoka Bukoba aliyevukia Mutukula. Kwa umri na kwa sauti, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuamrisha mbio. Mpwa wangu alimpa shikamoo, mzee akaitikia marahaba kisha akamtazama vizuri. "Kumbe Uganda mpo mnaoamkia watu! Unaendesha wewe au mjomba wako?"

Asubuhi ilikuwa ya mazoezi. Tulianza kwa kuuzunguka uwanja kwa miguu, jambo ambalo vijana wengi waliliruka. Juu ya ule mruko mkubwa nilimwonyesha kwamba ukingo wa kulia umeanza kumomonyoka na ungerusha gari upande. Kuruka kwenyewe ni elimu ya peke yake. Gari likiwa hewani dereva bado ana neno: akiongeza mafuta, magurudumu huzunguka kwa kasi zaidi na pua hupanda, akigusa breki, pua hushuka. Mpwa wangu aliruka mara ya kwanza na kutua kwa pua, akapinduka. Mara iliyofuata alibakiza mafuta kidogo hewani, likatua kwa magurudumu yote manne, na shokabzoba zikatoa ile sauti fupi ya kushiba ambayo fundi huisikiliza.

Kulikuwa na gari moja tu la injini, la kijana wa Mbarara: injini ya sentimita za ujazo 3.5, tangi la mililita 125, na mafuta ya methanoli yaliyochanganywa na nitromethani na oili. Lina mlio unaowatoa watu majumbani. Lakini mafuta hayo hayaruhusiwi katika mzigo wa abiria wa ndege, na mwenyewe alikuwa akiyapima kwa sindano kama dawa. Aidha, Mbarara iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani, kwa hiyo aliyefuata vipimo vya kitabu angekuta injini inakabwa na mafuta. Ilibidi akaze sindano ya kabureta kidogo kidogo huku akitazama moshi na kupima joto. Sisi wa umeme tulimsikitikia na kumwonea wivu kwa wakati mmoja.

Mchana zilikuja mbio za kupanga nafasi, dakika tano kila moja. Hakuna vifaa vya kuhesabu mizunguko kwa umeme, kwa hiyo mwalimu mmoja wa sekondari alikaa mezani na madaftari, kila gari likiwa na msaidizi wake anayepiga alama. Kanuni ya zamani ya mchezo huu ilifuatwa: anayemaliza kukimbia hashuki kwenda kunywa soda, bali husimama kwenye kona ili kuinua magari ya wenzake yanayopinduka. Mzee wa Bukoba aliisimamia kanuni hiyo bila huruma. Alimrudisha kijana mmoja aliyesimama kwa kandambili akavae viatu, na mwingine aliyeyapa magari mgongo alimwita kwa kipaza sauti hadi akageuka. Gari la kilo tatu na nusu likikupata kwenye kifundo cha mguu, utakumbuka.

Udongo wa hapa, ulivyopigwa maji na kukaushwa na jua, ulianza kama wa Jinja na kuishia kama wa Busia: mgumu asubuhi, kisha jioni ukivunjika na kuwa vumbi zito lililojikusanya nje ya kona. Kwa ajili ya hilo nilibadilisha mafuta ya difu ya kati, kutoka uzito wa 7,000 hadi 5,000. Yakiwa mepesi, gari likikanyagiwa mafuta penye utelezi sehemu ya nguvu hukimbilia magurudumu ya mbele badala ya kuurusha mkia. Hakuna aliyenifundisha jambo hili kwa maneno mazuri kuliko kulitazama gari lenyewe likitoka kona ya kupanda. Tulimaliza siku katika nafasi ya tano kati ya magari kumi ya fainali.

Jumapili, Mbarara

Mvua ilinyesha alfajiri. Mwisho wa Agosti haikutarajiwa na wote, ingawa wenyeji walisema kwamba inaweza kutangulia. Saa mbili uwanja ulikuwa tope, na mjadala ukawa mmoja tu kwenye kila meza: matairi gani?

Kwenye tope unahitaji tairi lenye meno marefu yaliyoachana, ili udongo upate pa kutokea. Rimu nazo zina matundu madogo ya kupumulia, na maji yakiingia hulowesha sponji ya ndani hadi tairi liwe zito upande mmoja na kutikisa gari zima. Nilikata vipande vya utepe wa umeme na kuyaziba matundu yote, kisha nikatoboa tundu dogo katikati ya mpira wenyewe, ili mzunguko uyarushe maji nje. Baada ya mazoezi ya asubuhi tuliliweka gari kwenye mizani ya nyama ya mpishi. Lilikuwa limeongeza karibu nusu kilo ya tope, lililojaa hasa ndani ya mikono ya chini ya nyuma na chini ya bodi. Tulilikwangua kwa kijiti cha mchokoo na mswaki, tukapuliza silikoni ili tope lijalo lisigande.

Fainali ilipangwa saa nane, dakika kumi. Kufikia saa saba jua lilikuwa kali na uwanja unakauka kuanzia juu, wakati matuta ya chini bado yanang'aa. Mimi nilipendekeza vijipini. Mpwa wangu alitaka meno marefu, akasema kwamba wengi watapotelea kwenye matuta mwanzoni na yeye atawapita hapo. Dereva ni yeye; nikafunga meno marefu.

Mzee wa Bukoba alihesabu, akapiga filimbi, na magari kumi yakaondoka. Mambo yalikwenda kama mpwa wangu alivyosema. Kwenye matuta gari la kwanza lilikaa ubavu, la tatu likaligonga, na letu likapita katikati. Kufikia dakika ya tatu tulikuwa wa kwanza, na mtu aliyekuwa karibu yangu alinishika bega bila kunijua. Lakini kila mzunguko ulikausha uwanja zaidi, na meno marefu juu ya ardhi kavu hujikunja, hupasha mpira joto na kulifanya gari lijisikie kama limelewa. Dakika ya sita kijana mmoja wa Arua, mwenye vijipini vilivyolika nusu, alianza kuukaribia mkia wetu kwenye kona ya kupanda. Alitupita dakika ya saba, kwa usafi, bila kugusa. Dakika ya tisa akapita mwingine, wa Kampala.

Nilichokitazama wakati huo ni mikono ya mpwa wangu. Hakung'ang'ana. Alirudi kwenye mstari ule mwembamba uliokoza, kama wa Walukuba, akaanza kupunguza mapema, na hakupinduka hata mara moja hadi filimbi ya mwisho. Tulimaliza wa tatu. Betri ilisoma volti 3.5 kwa kila seli, maana yake ilikuwa imekaribia kuisha, na mota nyuzi 79.

Kijana wa Arua alikuja kutuonyesha matairi yake. Huwa hayatupi yakilika, bali huyapanga kwa kadiri yalivyolika na kuyaandika kwa kalamu ya wino ndani ya rimu: mapya, nusu, robo. Mpwa wangu aliomba kalamu palepale.

Jumatatu, kurudi

Basi la Kampala liliondoka kabla ya jua. Usiku nilikuwa nimezitoa beringi zote za magurudumu. Zile za Kisekka zilizunguka bila kelele, ila ya nyuma kushoto iliingiwa na maji na nimeitia mafuta mepesi hadi nifike nyumbani. Betri zote zimewekwa kwenye volti 3.8 kwa kila seli. Mzee wa Bukoba ametuuzia seti mbili za matairi yaliyolika robo kwa bei ya nusu, tumemlipa kwa simu, na ametualika uwanjani kwake Desemba, ambako, alisema, wanakimbilia kwenye mchanga wa ziwa. Mpwa wangu amekwisha kuuliza unafanana na wa Busia kiasi gani.